Mgongo wa cherehani na darasa la kwanza la yoga

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Igoma, hapa Mwanza. Nina miaka 44, mwili wangu ni mnene kidogo, na tangu mwaka juzi natumia dawa za presha. Ikifika jioni kiuno na shingo vinaniuma sana. Mteja wangu mmoja anaenda darasa la yoga Capri Point kila Jumamosi asubuhi na ananisihi twende wote. Mimi hata kugusa vidole vya miguu siwezi. Nianzie wapi, ninunue nini, na presha hii itaniruhusu? Halafu mume wangu anauliza kama ile si ibada ya Wahindi.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nenda. Ila usiende Jumamosi hii, nenda ya wiki ijayo. Siku za katikati tuzitumie kwa mambo matatu: kupima presha, kuongea na mwalimu kabla hajakuona, na kuuzoesha mwili hapo hapo kibandani. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na nafundisha yoga kwa watu wenye maumivu ya mgongo, kwa hiyo utanisikia nikiongea mara kama mtu wa hospitali, mara kama mtu wa mkekani.

Tuanze na hilo la vidole vya miguu, maana ndilo linalowazuia watu wengi hata kufika mlangoni. Husema, "Ngoja kwanza nilainike, ndipo nianze." Wengine wananiambia hivyo kila tukikutana sokoni, na bado hawajalainika.

Jiangalie unavyokaa kazini. Kwenye cherehani ya miguu, nyonga zimekunjwa tangu asubuhi, magoti yamekunjwa, nyayo zinasukuma pedeli. Mabega yamekuja mbele kwa sababu mikono yote miwili inaongoza kitambaa. Kichwa kimeinama kufuata sindano, na ukishona kitambaa cheusi kwa uzi mweusi jioni, taa yenyewe hafifu, kinainama zaidi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 mpaka 5. Kikikaa sawasawa juu ya mabega, mifupa ndiyo inayokibeba. Kikitangulia mbele ya kifua, misuli midogo ya nyuma ya shingo ndiyo inayokishikilia kisianguke, saa baada ya saa. Shingo inayokuuma jioni inatoka hapo.

Kiuno nacho kina habari yake. Kuna misuli inayotoka kwenye uti wa mgongo wa chini, inapita ndani ya nyonga na kushika mfupa wa paja. Ukikaa siku nzima inazoea kuwa mifupi, na ukisimama inavuta kiuno kuelekea mbele. Misuli ya nyuma ya mapaja nayo imekaa imekunjwa muda wote. Sasa ukiinama kugusa vidole, ile ya nyuma ya mapaja inagoma kufunguka, na mzigo wote wa kuinama unaangukia kiuno, ambacho ndicho kilichochoka. Kwa hiyo kwa mwili wa fundi cherehani, kugusa vidole ni zoezi la kuogopa kidogo, angalau miezi ya mwanzo. Ukilazimisha utajiumiza pale pale unapotafuta nafuu. Kunja magoti, weka mikono mapajani, inatosha. Mwalimu akikusukuma mgongo ili ufike chini, mwambie "hapana, asante" kwa sauti ya kusikika.

Mtu akinibana nimpe kitu kimoja tu cha kuingia nacho darasani, nampa hiki: kipimo chako ni pumzi. Ukiwa kwenye mkao wowote, unaweza kuvuta pumzi kwa pua taratibu na kuitoa taratibu? Basi uko mahali pako, hata kama jirani amejikunja zaidi yako mara tatu. Umeanza kuizuia pumzi, kukunja uso, kuuma meno, kupumua kwa mdomo vipande vipande? Umeshavuka. Rudi nyuma nusu ya njia, ungoje pumzi irudi. Wewe unalijua jambo hili mkononi mwako: ukikaza sana uzi wa cherehani unakatika, ukiulegeza sana mshono unafanya vitanzi kwa chini, na fundi anapindua kile kidude kidogo kidogo mpaka mshono utulie. Patanjali, ambaye maandishi yake ya kale ya Kihindi ndiyo yanayotajwa zaidi yoga inapozungumzwa, aliacha vifungu vifupi 196, na kuhusu mkao wa mwili hakusema mengi. Alitaka uwe thabiti na wa raha. Vyote viwili kwa pamoja. Watu wanashika uthabiti, raha wanaisahau.

Kuhusu maumivu, jifunze kutofautisha. Kuvutika kwa upana katikati ya msuli, kunakopungua ukitoa pumzi, hakuna shida. Maumivu makali ya mahali pamoja, maumivu ndani ya goti au kwenye kiungo, ganzi, au kitu kinachochoma kutoka tako kushuka mguuni, toka kwenye mkao huo mara moja. Usingoje mwalimu ahesabu mpaka mwisho.

Sasa presha. Ndiyo, itakuruhusu, mradi imedhibitiwa. Wiki hii pita zahanati au duka la dawa lenye kipimo, keti dakika 5 bila kuongea, kisha upimwe. Fanya hivyo siku mbili tofauti na uandike namba. Zikiwa chini ya 140 kwa 90, au juu kidogo tu ya hapo na daktari wako anazijua, nenda darasani. Ukikuta 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi, siku hiyo ni ya kwenda kuonana na daktari. Na dawa usiruke asubuhi ya darasa kwa kudhani yoga itafanya kazi yake. Meza kama kawaida.

Dawa nyingi za presha zina tabia moja inayojitokeza sana mkekani: ukiinuka ghafla kutoka chini, damu inachelewa kufika kichwani na unapata kizunguzungu. Kwa hiyo kila ukitoka kulala, geukia ubavu kwanza, kaa hapo kwa pumzi tatu, jisukume kwa mikono ukae, pumua tena, ndipo usimame. Ukiwaona wengine wamesimama kabla yako, waache.

Kwa miezi ya mwanzo yako mambo utakayoyapita. Kusimama kwa kichwa, kusimama kwa mabega, na ule mkao wa jembe ambao miguu inapita juu ya kichwa mpaka sakafuni nyuma: achana nayo kabisa. Mbwa anayetazama chini, yaani viganja na nyayo chini na makalio juu, ni mkao mzuri, lakini kichwa kinakuwa chini ya moyo. Wewe ufanye ukiwa umeshika ukuta au kiti, na ukijaribu ule wa chini usikae zaidi ya pumzi mbili au tatu. Mazoezi ya pumzi ya kupuliza kwa nguvu na kasi kwa tumbo, au ya kubana pumzi kwa muda, usiyafanye. Wengine wakipuliza, wewe pumua kawaida, huku kutoa pumzi kukiwa kurefu kidogo kuliko kuvuta. Kwa mwenye presha hiyo ndiyo pumzi yenye faida.

Na kuna presha nyingine watu wanaisahau: presha ya macho. Mikao ya kichwa chini huipandisha, na ugonjwa huu unaweza kula uwezo wa kuona polepole bila maumivu yoyote. Umepita miaka 40, na kama kwenu kuna aliyepofuka kwa presha ya macho, pima macho kabla hata hujaanza kujaribu mikao hiyo. Walimu wengi hawaulizi jambo hili, basi liseme mwenyewe.

Maumivu yako, kwa unavyoyaeleza, ni ya kazi: yanakuja jioni. Hayo yoga inayaweza. Lakini yapo maumivu ya mgongo ya kupeleka hospitali kwanza. Mguu mmoja ukipoteza nguvu, unyayo ukiwa unaburuzika, ganzi ikishika sehemu za siri na katikati ya mapaja, au mkojo na choo vikianza kukataa kutoka au kutoka vyenyewe, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, nenda Hospitali ya Bugando. Mgongo unaouma zaidi usiku ukiwa umelala, pamoja na homa za jioni, jasho na kupungua uzito, unahitaji vipimo, maana kifua kikuu nacho hukaa kwenye mifupa ya mgongo na hakiondolewi na mkao wowote.

Jambo la pili la wiki hii ni simu kwa mwalimu. Mwambie: "Nina miaka 44, nina presha natumia dawa, mgongo unauma, sijawahi kufanya. Darasa lako linanifaa?" Kisha nyamaza umsikilize. Mwalimu mzuri atakuuliza maswali: dawa gani, unaumwa wapi, umewahi kuanguka au kufanyiwa upasuaji. Atakuambia ufike mapema mwongee. Atakueleza atakachokupa badala ya mikao isiyokufaa. Akikuambia, "Usijali dada, njoo tu, yoga inatibu presha, dawa utaziacha," mshukuru na utafute mwingine. Sitanii. Huyo ni hatari kuliko mgongo wako.

Muulize pia amejifunzia wapi. Utasikia wengi wakitaja mafunzo ya saa 200. Hicho ndicho kiwango cha kuanzia kinachotumiwa na Yoga Alliance ya Marekani, nacho ni orodha ya kujiandikisha, si leseni ya serikali. Saa 200 zinaweza kumtoa mwalimu mzuri, zinaweza pia kumtoa mtu anayejua kujikunja mwenyewe tu. Afrika Mashariki walimu wanapatikana: Nairobi kuna Africa Yoga Project, ambayo tangu 2007 imefundisha vijana wengi kuwa walimu, na baadhi ya walimu wa ukanda huu wamejifunzia India kwenyewe. Mimi namuangalia zaidi mwalimu anatazama wapi darasani. Anayezunguka akitazama watu ni mwalimu. Anayefanya mazoezi yake mbele huku akitaja majina ya mikao amekuja kufanya mazoezi.

Darasa lenyewe ni la aina gani? Likiitwa hatha, yaani la mikao ya polepole mmoja mmoja, au la wanaoanza, au Iyengar, yaani la mtindo wa mwalimu wa jina hilo, ingia. Yin ni la kukaa chini kwenye mkao mmoja dakika 3 mpaka 5, linafaa ila kwa miguu yenye ganzi liende pole. Vinyasa ni la kutiririka kutoka mkao hadi mkao kwa kasi ya pumzi, linakutoa jasho. Liache mpaka miezi mitatu ipite. Ashtanga, lenye mfululizo mgumu zaidi, liache zaidi. Na la chumba cha joto la karibu nyuzi 40, ambalo sidhani utalikuta hapa kwetu, mwenye presha halimhusu.

Huyo Iyengar nimtaje kidogo, kwa sababu historia yake inawafaa wanaojiona wagumu. B.K.S. Iyengar alizaliwa India mwaka 1918, na utotoni aliugua malaria, taifodi na kifua kikuu, akakua akiwa dhaifu na mgumu wa viungo kama nyinyi mnaoogopa kuja. Alifundishwa na shemeji yake, Krishnamacharya, huko Mysore. Baadaye ndiye aliyeeneza sana matumizi ya vitu vya kusaidia: vipande vya mbao, mikanda, viti, blanketi, mito. Maana yake, kama mkono haufiki sakafuni, sakafu ipandishwe ifike mkononi. Alifariki 2014 akiwa na miaka 95.

Na hapa, mdogo wangu, wewe una bahati kuliko wanafunzi wangu wote. Usinunue kitu. Vitu hivyo vinauzwa ghali mitandaoni, na vyote unaweza kuvishona. Mto wa yoga: kata mfuko mrefu wenye mzunguko wa kama sentimita 75 na urefu wa sentimita 60, uwekee zipu upande mmoja, ujaze vitambaa vidogo vidogo unavyofagia chini ya meza kila jioni. Ushindilie sana, uwe mgumu. Ukibonyea unapoulalia hauna kazi. Mkanda: kitenge kilichokunjwa mara nne, upana wa sentimita 4, urefu wa mita 2, ushone mistari miwili kingoni ili usivutike. Kipande cha mbao fundi seremala yeyote atakukatia kwenye mabaki, ukubwa wa tofali dogo, akipige msasa.

Suruali ishone mwenyewe vilevile: pamba yenye mvuto, mpira kiunoni usiobana, na katikati ya miguu uweke kile kipande cha ziada cha pembe nne ili ukichuchumaa mshono usifumuke mbele za watu. Nimeona suruali za bei kubwa zikifumuka. Dera liache nyumbani, litakufunika uso ukiinama. Kama unavaa hijabu, ifunge bila pini kwa nyuma, maana utalala chali. Daladalani funga kanga yako juu, ukifika unaifungua, na mwisho wa darasa unajifunika nayo. Mkeka wa yoga muombe mwalimu akuazime kwa mara za mwanzo. Mkeka wetu wa ukindu unafaa kwa kulala na kukaa, ila juu ya sementi iliyosuguliwa au vigae unateleza, kwa hiyo mikao ya kusimama fanya peku sakafuni penyewe.

Jambo la tatu ndilo ninalolipenda, kwa sababu hutalipia. Kibanda chako kina meza ya kukatia. Simama mbele yake, weka viganja ukingoni, upana wa mabega. Rudi nyuma hatua mbili tatu mpaka mikono inyooke na kiwiliwili kilale sambamba na sakafu, makalio yakienda nyuma. Kunja magoti kidogo. Masikio yawe katikati ya mikono, shingo isining'inie. Pumzi tano. Utasikia makwapa yakifunguka, mbavu zikinyooka, kiuno kikirefuka, na kichwa hakijashuka chini ya moyo. Ndiyo yule mbwa, ila amekuja kwa fundi. Kurudi, piga hatua kuelekea mezani, usijiinue kwa mgongo.

Fanya hivyo lini? Kila uzi wa chini kwenye bobini unapoisha. Usiweke saa, utaipuuza. Bobini haipuuziki, utasimama tu kuijaza. Ukisimama, meza, pumzi tano, kisha peleka mabega juu masikioni na uyaachie yashuke nyuma, mara tatu. Ndipo ujaze bobini. Kwa siku ya kushona sare za shule utakuwa umefanya mara nyingi kuliko darasa lolote litakavyokufanyisha. Na stuli yako iongezee mto mpaka nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Kwa mafundi wengi niliowaona, kiti kilikuwa kifupi, na nafuu ya kwanza ilitokana na kile kiti.

Usiku kabla ya kulala, lala chali sakafuni juu ya mkeka, weka mashavu ya miguu juu ya stuli, magoti yamekunjwa, kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi tumbo lipande, toa lishuke. Dakika 5. Kisha shusha nyayo sakafuni na ufanye daraja: ukitoa pumzi, inua makalio polepole, ukivuta kaa hapo, ukitoa shuka polepole. Mara sita. Zoezi hili linaamsha misuli ya makalio ambayo siku nzima umeikalia, na makalio yakifanya kazi kiuno kinapumzika. Halafu piga magoti na viganja, pindisha mgongo juu kama paka, uushushe, ukifuata pumzi. Magoti yakiuma weka blanketi. Basi.

Siku yenyewe. Usile kizito kwa saa mbili au tatu kabla, ila usiende na njaa pia: kikombe cha uji au ndizi moja saa moja kabla kinatosha. Sato na ugali vikusubiri. Fika robo saa mapema, jitambulishe, mkumbushe mwalimu habari ya presha. Weka mkeka wako karibu na ukuta, upande, mstari wa pili, mahali unapowaona wengine na ukuta uko karibu kwa kushika. Usikae nyuma kabisa kujificha, kwa sababu kila mkigeuka, wa nyuma ndiye wa mbele.

Darasa la kawaida la saa moja au zaidi kidogo litaanza kwa kukaa na kupumua, mikao ya kupasha, ya kusimama, ya kukaa au kulala, kisha kulala chali mwishoni. Utapewa mkao wa mtoto: magoti chini, kiwiliwili juu ya mapaja. Tumbo likikuzuia, panua magoti, weka ule mto wako katikati uulalie. Utakapochoka, rudi hapo bila kuomba ruhusa. Mkifika kwenye ule mfululizo wa kusalimia jua, wenye mikao kama kumi na miwili ya kushuka na kupanda, nenda kwa mwendo wako, shusha magoti sakafuni, ruka raundi. Sikia hili vizuri: kuruka raundi si kushindwa zoezi. Mwalimu akigusa wanafunzi kuwarekebisha na wewe hupendi, mwambie mwanzoni, awe wa kike au wa kiume. Ni haki yako na mwalimu aliyesoma anaijua.

Kule kulala chali mwisho, watu wengine hukimbilia daladala. Usikimbie. Kwa mwenye presha huenda ndizo dakika zenye thamani kuliko zote. Ukisinzia ukakoroma, hutakuwa wa kwanza.

Darasa likiwa la nje kando ya ziwa, asubuhi ni kuzuri, upepo bado mtulivu. Lakini mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja juu ya mawe yetu, yale ya kupigia picha, waachie wapiga picha. Yakiwa na umande yanateleza vibaya. Na usishuke kunawa miguu ziwani baada ya darasa. Kichocho hakijaondoka Ziwa Victoria, na mwambao wenye konokono na majani ndio makazi yake. Tembea na chupa yako ya maji.

Swali la mume wako ni la haki na lisichukuliwe kama kikwazo. Yoga imetoka India, na huko ina mizizi katika dini za Kihindu, Kibudha na Kijaini. Mwalimu anayekuambia haina uhusiano wowote na dini anakuficha. Wakati huo huo, sehemu kubwa ya mikao ya kusimama inayofundishwa madarasani leo ilipangwa na kuenezwa katika karne ya 20, na wengi wa walimu wakubwa wamepitia kwa Krishnamacharya yule yule, aliyekuwa akifundisha katika kasri la Mysore miaka ya 1930 yoga iliyochanganyika na mazoezi mengi ya viungo. Waumini wamelishughulikia jambo hili kwa namna mbalimbali. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2009 lilikataza Waislamu yoga yenye nyimbo na taratibu za ibada ya Kihindu, na halikukataza ile ya mazoezi ya mwili tu. Saudi Arabia mwaka 2017 iliitambua kama mchezo. Kwa Wakristo nao wapo wanaokataa kabisa na wapo wanaoifanya kwenye kumbi za makanisa.

Kivitendo, muulize mwalimu kwenye ile ile simu: kuna kuimba mwanzoni au mwisho? Kuna sanamu mbele? Madarasa mengi ya mjini hayana zaidi ya mlio mmoja wa "om" na salamu ya viganja kifuani. Unaweza kunyamaza ukaendelea kupumua, hakuna atakayekufukuza. Kama bado roho haijatulia, ongea na kiongozi wako wa dini umweleze kinachofanyika hasa, si kinachosemwa. Na mume wako mchukue siku moja aje aone. Wanaume wakija kuona, mara nyingi mgongo wao nao huanza kuuma.

Utegemee nini? Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2017, kiliiweka yoga kati ya njia za kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha nafuu ndogo hadi ya wastani, kwa watu waliofanya kwa wiki kadhaa, na zinaonyesha pia kwamba wapo wachache ambao mgongo uliuma zaidi. Kwa hiyo jipe wiki 12, darasa moja kwa wiki na dakika 15 za nyumbani siku nyingine nne. Usingizi kwa kawaida hutangulia kubadilika kabla ya mgongo. Presha inaweza kushuka kidogo, lakini anayepunguza dawa ni daktari, akiwa na namba zako mkononi. Na yoga haichukui nafasi ya kutembea: Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mwendo wa kukutoa jasho kidogo kwa wiki. Siku za kazi shuka kituo kimoja kabla ya kibanda. Jumamosi, ukishuka mjini, mpaka Capri Point kwa miguu panatembeka.

Ada lipa siku moja moja mwezi wa kwanza, hata kama ya mwezi ina punguzo. Baada ya darasa la tatu utajua kama mwalimu yule anakufaa. Asipokufaa hutakuwa umefungwa na pesa uliyokwisha kutoa, na zoezi la meza na bobini linaendelea vilevile. Ukipata ganzi mguuni au kizunguzungu kisichoisha, acha kila kitu uniandikie siku hiyo, na hizo namba za presha uzitume pamoja.